Mama Ametandika Kitanda cha Hoteli

Niliwaacha wiki iliyopita nikiwa nimekaa kwenye kochi la ukweni, na chini yangu kitu kimelia "kra".

Ilikuwa miwani ya baba wa mchumba wangu.

Kwa msomaji anayenikuta leo, mambo yako hivi. Mimi ni kijana mwenye shahada ya falsafa na sina kazi. Nampenda binti mmoja muuguzi, naye ananipenda, kwa sababu ambazo hata yeye hajaweza kuzieleza. Baba yake alifiwa na mkewe zamani, na ni mkaguzi wa majengo. Kazi yake ni kugonga kuta za watu kwa kifundo cha kidole, kusikiliza, kisha kusema "vunjeni". Nilikwenda kujitambulisha, nikakaa, ikalia "kra". Hakukasirika. Alisema tu, "Hamna neno," kwa sauti ileile anayosemea "vunjeni".

Mchumba ndiye aliyekuja na wazo.

"Sikukuu hii Baba anapanda mlimani kupunga hewa, kama kila mwaka. Akiwa kule hulainika. Njoo na mama yako, Jumapili mchana tule pamoja. Wazee wazungumze, na jibu atalitoa palepale."

"Akikataa?"

"Jengo alilolikataa Baba umewahi kuliona limesimama?"

Sikuwahi.

"Na miwani je?"

"Fundi anasema mpaka wiki ijayo. Kwa sasa Baba haoni mtu, anaona kivuli chenye sauti."

Nilifarijika. Nimeamini siku zote kwamba watu wema wakikutanishwa, mambo hujipanga yenyewe.

Mama nilimwambia tumealikwa. Habari za miwani sikumwambia. Tasnifu yangu chuoni ilihusu ukweli.

Mama yangu ni mjane, na mpaka anastaafu alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana. Hajawahi kulala hotelini. Maisha yake yote wengine wamelala, yeye amekagua vitanda. Husema mtu humjui kwa maneno yake, unamjua kwa kitanda alichokiacha asubuhi.

Mji wenyewe uko juu kiasi kwamba mawingu hupita barabarani kama watu wenye shughuli zao. Kuna misonobari, maduka ya asali na sweta, na wageni kutoka mabondeni waliovaa sweta zao zote kwa mpigo. Hoteli yetu ilikuwa ya mbao, ngazi zake zikilia ukizikanyaga, na moto ukiwaka sebuleni. Binti wa mapokezi alikuwa na simu sikioni, na nyuma yake ubao wa misumari inayoning'iniza funguo.

"Sikukuu hii tumejaa mpaka stoo," alituambia.

Hakujua kwamba anatabiri.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu, vitanda viwili. Mama alishika blanketi, akalinusa, akaridhika. Kisha akauliza:

"Asubuhi nani anakuja kutandika?"

"Kuna mhudumu, mama."

"Mtoto wa watu aje aone nilivyolala?"

Nilidhani ni swali tu.

Jumamosi nilipofumbua macho, kitanda chake kilikuwa kimenyooka kama ubao, naye amesimama juu ya changu, mikono kiunoni.

"Inuka, baba. Umelalia kazi."

Alitandika changu. Akapiga deki bafuni. Akafuta kioo, akafuta dirisha, akabeba pipa la taka mwenyewe mpaka uani kwa wapishi, akalirudisha limeoshwa. Mabegi yetu akayapandisha juu ya kabati na kuyasukuma mpaka ukutani, kwa sababu mzigo wa mgeni hauzagai. Chumba kikawa kama hakijawahi kuona binadamu.

Tulipofika chini, aliunyosha mkono juu ya kaunta na kuutundika ufunguo kwenye msumari wake.

"Mama, hotelini mtu hutembea na ufunguo."

"Ufunguo wa nyumba ya watu? Nikiupoteza?"

Binti wa mapokezi alikuwa kwenye simu. Alituona, akatupungia mkono kwa tabasamu. Tukadhani anatutakia matembezi mema.

Kumbe anatuaga.

Tulikwenda kuangalia mandhari. Kuna uzio mahali fulani juu ya korongo, na watu wengi walikuwa wameuegemea, kamera mikononi, wakitazama ukungu.

"Tunaangalia nini?" aliuliza Mama.

"Mandhari."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya ukungu."

Mama akatazama kwa heshima, kwa muda wa kutosha. "Ni nzuri," akasema.

Tuliporudi, ufunguo haukuwepo msumarini na binti wa mapokezi hakuwepo kaunta. Nikamwambia Mama mhudumu lazima yuko chumbani anatafuta la kufanya. Nikamwacha akiota moto, nikapanda kuchukua sweta.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mapazia yamefungwa. Kwenye kitanda cha Mama alilala mtu aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni, na juu ya blanketi lilitokeza paji la uso ninalolijua. Nimeliota mara kadhaa.

"Weka hapo mezani," likasema paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai iko wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilifungua kinywa kwa nia hiyo kabisa.

"Inakuja, mzee."

"Sauti yako kama naijua."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Kuna kijana mmoja ana sauti kama hiyo. Alikalia miwani yangu."

"Pole sana, mzee."

"Hata yeye alisema hivyohivyo. Vijana wa sasa mna sauti moja na pole moja."

Nikashuka, nikaomba chai jikoni, nikapanda nayo. Akaionja. Akasema haina sukari. Nikashuka tena, nikapanda na sukari, nikamkorogea. Akanywa, mimi nimesimama na sinia, na juu ya kabati mabegi yetu yakinitazama.

Binti wa mapokezi nilimkuta amerudi.

"Chumba chenu?" alishangaa. "Si mmeondoka! Msafishaji kapanda, kakuta kitanda kimenyooka, pipa linang'aa, begi hakuna, ufunguo msumarini. Kaniambia, dada, hiki hakikulaliwa kabisa. Nikajua mmewahi basi la asubuhi."

"Lakini tulikuwepo."

"Sasa nani anafanya usafi hotelini, kaka yangu? Watu wanakuja huku kuchafua! Huyo mzee chumba chake bomba limepasuka, maji mpaka kitandani. Ningemweka wapi?"

Alikuwa na haki. Aliomba radhi, nasi tukaomba radhi, tukawa wote tunaombana radhi mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho akatupa alichobakiwa nacho: stoo ya mashuka, magodoro mawili chini.

Mama nilimwambia chumba kimepewa mzee mmoja aliyezidiwa na baridi.

"Maskini. Mzee gani?"

"Mgeni tu."

Naomba mnielewe. Mama angejua kwamba mkwe mtarajiwa amelala kwenye mashuka aliyolalia yeye, angepanda basi la kwanza kwa aibu, hata kama linakwenda upande mwingine. Nikaona uongo mdogo utaushikilia mlango mpaka Jumapili. Hapo jua litatoka na kila mtu atacheka.

"Begi lako nitakuletea mimi," nikamwambia. "Wewe usiende kule."

Stoo ilimpendeza kuliko chumba. Rafu mpaka darini, mashuka, mito, foronya, taulo. Alisimama mlangoni kama mtu aliyefika kwao. Kisha akavuta shuka moja, akaliangalia lilivyokunjwa, akaguna. Msafishaji alipoingia, alimkuta katikati ya marundo.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye msimamizi mpya?"

"Marahaba, mwanangu. Hizi kona zenu zimelegea. Njoo nikuonyeshe."

Hakuongopa. Hakujibu tu. Mpaka alasiri wasafishaji watatu walikuwa wakikunja chini ya amri yake, na mmoja alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Jua lilipoanza kushuka, mchumba alipita kuniona. Yeye alikuwa amefikia kwa rafiki yake, muuguzi wa zahanati ya mjini.

"Mama yuko wapi nimsalimie?"

"Anakunja mashuka."

"Hotelini?"

"Ndivyo anavyopumzika."

Akanitazama. Akaamua kuyaacha yalivyo, na hiyo ni moja ya sababu ninazompendea.

"Baba kichwa kinamgonga, anasema ataonana na watu wote kesho. Ila amemsifia sana mhudumu mmoja wa chai. Anasema ana adabu kukushinda."

"Kweli?"

"Mbona umenywea?"

"Nafurahi kwa ajili ya mhudumu."

Usiku ule nililala kwa amani. Nawaambia ili mjue kwamba amani ya moyo haina maana yoyote.

Jumapili niliamka, nikamkuta Mama amevaa gauni lake la shughuli, kilemba kimekaa, na begi liko miguuni pake.

"Mama. Begi umelitoa wapi?"

"Kwa yule mzee wako. Jana ulipokuwa nje na mwenzio nilikwenda nikapiga hodi. Mzee mstaarabu, jamani! Kaniuliza, ni nani aliyetandika kitanda hiki? Nikamwambia ni mimi. Kasema tangu afiwe na mkewe hajalala juu ya kitanda chenye msingi."

"Alisema msingi?"

"Msingi. Nikamletea chupa ya maji ya moto, tukazungumza. Ana mtihani, masikini wa Mungu. Kuna kijana anamtaka binti yake. Hana kazi, hana mbele wala nyuma, na siku ya kwanza kuingia kwao akakalia miwani ya mzee wa watu."

Nikakaa juu ya rundo la foronya.

"Nikamuuliza, alikaa bila kuangalia? Kasema bila kuangalia. Nikamwambia, mzee, asiyeangalia anapokaa hataangalia anapomweka mtoto wa watu. Kataa."

"Ulimwambia akatae?"

"Mara mbili. Ya kwanza alisitasita. Anasema binti yake anampenda, kijana ana moyo mzuri, na yeye alikwishafikia kukubali."

"Alikwishafikia kukubali."

"Ndiyo. Nikamnusuru. Na leo ana kikao na mama wa huyo kijana." Mama akatikisa kichwa. "Namhurumia huyo mwanamke."

"Mama," nikaanza.

Mlango ukagongwa. Binti wa mapokezi: mzee yuko sebuleni, ananiita mimi. Mimi peke yangu.

Nikashuka nimeazimia. Mficha uchi hazai. Nitasema yote, kuanzia miwani mpaka foronya, na iwe itakavyokuwa.

Alikuwa amekaa karibu na moto, amevaa suti, mezani sahani zimepangwa. Aligeuza uso kuelekea hatua zangu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye kijana wa miwani." Nikaongeza: "Na wa chai pia ni mimi."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Macho yakikosa kazi, masikio hufanya zamu mbili. Nilikujua ulipotoa salamu. Nikasema ngoja nimgonge nisikie ana nini ndani. Nikakuambia chai haina sukari, na sukari ilikuwemo. Ulikwenda bila kuguna. Nikasema, huyu si mtupu. Nikawa tayari kukupa binti yangu."

Moyo wangu ukaruka mpaka darini.

"Kisha nikapata ushauri."

Ukashuka.

"Kuna mama mmoja hapa, msimamizi wa mashuka. Kijana, sijasikia akili iliyonyooka namna ile. Kanionyesha kwamba nilikuwa nalainika. Sasa sikiliza. Nitakutana na mama yako na uso wake sitauona. Nataka yule msimamizi akae hapa mkono wangu wa kulia, amtazame mama yako kwa niaba yangu. Mama yako akae pale mbele. Msimamizi akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, usinirudie tena. Kamwite."

"Mzee, ipo habari kuhusu huyo..."

"Kamwite kwanza."

Nikageuka.

"Na kijana."

"Naam, mzee."

Aligonga mkono wa kiti kwa kifundo cha kidole, taratibu. "Uliza kama ana mume. Uliza kama jambo lako mwenyewe."

Nikapanda ngazi. Kila ngazi ililia, nami nikaiacha ilie kwa niaba yangu.

Stoo nilifunga mlango na kumwambia Mama kila kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza, shuka mkononi.

"Kwa hiyo mzee wa baridi ndiye..."

"Ndiye."

"Na aliyekalia miwani ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na yule mwanamke niliyekuwa namhurumia..."

"Ni wewe."

Aliliangalia begi lake. Kisha akauliza, "Basi linaondoka saa ngapi?"

"Mama!"

"Nauliza tu." Akalikunja lile shuka, kona kwa kona, akaliweka kwenye rundo na kulipapasa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka mambo yaende vizuri."

"Yameenda?"

"Hapana, mama."

"Haya." Akainuka. "Mlezi wa bweni hakimbii ukaguzi. Kuna jingine?"

"Ameuliza kama una mume."

Mama akaufikia mlango. Akasimama. Akakifungua kilemba chake kilichokuwa kimekaa vizuri kabisa, akakifunga upya akitumia kioo cha dirisha.

"Halimhusu," akasema.

Tulipofika sebuleni, mchumba alikuwa amefika, anahema, kitu kinameremeta mkononi. Macho yake yalikuwa kwa baba yake tu.

"Baba, bahati! Miwani yako ya zamani ilikuwa chini ya kiti cha gari. Jaribu."

Mzee akaivaa. Akapepesa macho. Akauona moto, akaziona sahani, akaniona mimi, macho yake yakapita haraka. Kisha akamwona Mama amesimama kati ya viti viwili, na akainuka huku akifunga kifungo cha koti.

"Wewe ndiye msimamizi," akasema. Sauti ya "vunjeni" haikuwemo kabisa.

"Mama, shikamoo!" mchumba akamkimbilia. "Baba, huyu ndiye mama yake!"

Kuni zikapasuka motoni.

Mzee akamtazama Mama. Akanitazama mimi. Akavitazama viti vyake viwili, cha mkono wa kulia na cha mbele, kama jengo alilolipitisha kisha akaliona limepinda.

"Mama," akasema hatimaye, "nimekuwekea viti viwili. Kaa unapostahili."

Mama akakivuta cha mkono wa kulia. Akakiangalia kwanza. Akakaa.

"Mzee, jana nilikushauri ukatae. Sikugeuzii neno kwa sababu tu mtoto ni wangu."

Mchumba akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kuliko mlima.

"Ila nilikosea kimoja," Mama akaendelea. "Nilihukumu kabla ya kumsikia mama wa kijana. Bwenini sikuwahi kufanya hivyo. Aitwe ajieleze."

Akainuka, akaizunguka meza, akavuta kiti cha mbele, akakiangalia hicho nacho, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Nipo, mzee. Uliza."

Nikaona pembe ya mdomo wa mkaguzi ikicheza. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana kama mtu ambaye angependa kusikia jibu zuri.

"Nina swali moja tu," akasema. "Nyufa sizijali sana, mama. Kila nyumba ina ufa. Ninachokichukia ni ufa uliopakwa rangi juu. Mwanao alipovunja miwani yangu, alirudi nyumbani akakwambia?"

Mama yangu hajawahi kusema uongo, hata kwa wageni, hata kwa madaktari.

Alinigeukia. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anavyotazama kitanda ambacho mwenyewe ameondoka bila kukitandika. Kisha akamgeukia mzee, akavuta pumzi, na kufungua kinywa.